Ushuru Unapokoma: Dhana Potofu Kuhusu Ushuru wa Bei ya Kutupa kwenye Mashine za Ofisi

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashine za fotokopi, taipureta za kielektroniki, printa na vioo (skrini) vya kompyuta kutoka Japani vilizua ugomvi mrefu wa kibiashara kati ya nchi hiyo, Marekani na Jumuiya ya Ulaya. Kanuni yenyewe ilikuwa rahisi kuitamka: bidhaa ikiuzwa nje kwa bei iliyo chini ya ile inayotozwa nyumbani kwa mtengenezaji (hiyo ndiyo "bei ya kutupa"), na viwanda vya nchi inayoipokea vikaumia kwa sababu hiyo, nchi hiyo inaruhusiwa kuitoza ushuru wa ziada juu ya ule wa kawaida wa forodha. Namna ushuru huo unavyowekwa imeelezwa mara nyingi. Namna unavyokoma haieleweki sana, na hapo ndipo dhana zifuatazo zilipozaliwa.

Dhana: Ushuru ukifutwa, ni ushahidi kwamba bei ya kutupa imekwisha.

Kisa cha vioo bapa vya kompyuta mpakato kinaonyesha vinginevyo. Mwezi Julai 1990 kundi la kampuni ndogo za Marekani lilipeleka malalamiko dhidi ya watengenezaji wa Japani, na mwaka 1991 serikali ya Marekani ikaviwekea vioo vya kisasa vya aina ya LCD (skrini bapa za fuwele kimiminika) ushuru wa asilimia 62.67. Vioo vya teknolojia nyingine, iliyokuwa na soko dogo zaidi, viliwekewa asilimia 7.02 tu. Waliopiga kelele zaidi hawakuwa Wajapani peke yao. Kampuni kubwa za kompyuta za Marekani, zikiwemo Apple, IBM na Compaq, zilipinga kwa sababu zilivihitaji vioo hivyo na hazikuona kiwanda cha nyumbani kinachoweza kuvitengeneza kwa wingi uliotakiwa.

Kasoro ya uamuzi huo ilionekana mara moja kwa yeyote anayefahamu kazi ya forodha. Kioo kilichoingia Marekani peke yake kilitozwa ushuru, lakini kompyuta nzima iliyoingia ikiwa na kioo kile kile ndani yake haikutozwa. Kwa hiyo aliyeunganisha kompyuta Marekani aliadhibiwa, ilhali aliyeziunganisha ng'ambo alisalimika, na kampuni zikaanza kuhamishia kazi hiyo nje. Mwaka 1993 kampuni ya OIS Optical Imaging Systems ya Michigan, ambayo ndiyo iliyobaki kuwa mlalamikaji mwenye uzito kuhusu vioo vya LCD, iliiarifu Wizara ya Biashara kwamba haina haja tena na ushuru huo, na wizara ikaufuta. Msingi wa kuufuta ulikuwa kwamba mwenye malalamiko amejitoa. Haukuwa ushahidi mpya kwamba bei za Wajapani zimepanda.

Dhana: Ushuru huu hudumu miaka 5, kisha hufa wenyewe.

Kwenye karatasi ndivyo ilivyo. Jumuiya ya Ulaya iliingiza kikomo cha miaka 5 katika kanuni zake mwaka 1984, na mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, ukakifanya kuwa sharti la wanachama wote kupitia ibara yake ya 11.3. Kabla ya hapo Marekani haikuwa na kikomo cha namna hiyo, na ndiyo maana amri zake za zamani ziliweza kuendelea mwaka hadi mwaka pasipo mtu kulazimika kueleza kwa nini bado zipo.

Hata hivyo ibara hiyo ina mlango wa pembeni. Ushuru hukoma baada ya miaka 5 isipokuwa mapitio yaonyeshe kwamba kuukomesha kunaelekea kurudisha bei ya kutupa pamoja na madhara yake. Mapitio yakianza kabla ya muda kwisha, ushuru huendelea kutozwa hadi yamalizike. Mashine za fotokopi za Japani zilipita mlango wa namna hiyo Ulaya, chini ya kanuni za Jumuiya yenyewe. Ushuru wa kudumu uliwekwa Februari 1987, kwa kiwango cha asilimia 20 kwa kampuni nyingi na chini ya hapo kwa chache. Mtu aliyehesabu kwa vidole angetarajia uondoke mwaka 1992. Haukuondoka: mapitio yalifuata, na yalimalizika Oktoba 1995 kwa kanuni mpya iliyourudisha, safari hii kwa miaka 2 badala ya 5, jambo ambalo lenyewe linasema mengi kuhusu aibu ya kuuongeza tena baada ya uchunguzi uliochukua muda mrefu namna hiyo.

Mwingizaji mdogo asiye na wakili Brussels, yaliko makao ya taasisi za Ulaya, huumizwa na jambo hili kuliko wote. Hawezi kuagiza mzigo kwa kuamini tarehe iliyoandikwa kwenye kanuni, kwa sababu tarehe hiyo ni ya kuanzisha mjadala tu.

Dhana: Kampuni zikienda mahakamani ndipo ushuru huvunjwa.

Katika mashine za ofisi za kipindi hicho, Mahakama ya Haki ya Ulaya haikuwa njia ya kutokea. Mashauri ya taipureta yaliyofunguliwa na Canon, Brother, Sharp na wenzao yalitupwa Oktoba 1988. Gestetner na Nashua, zilizonunua mashine za Kijapani na kuziuza kwa majina yao, zilishindwa Machi 1990. Nakajima, iliyotengeneza printa kwa ajili ya kuuza nje tu na haikuwa na bei ya nyumbani ya kulinganishwa, ililalamika kwamba bei yake "ya kawaida" ilikuwa imeundwa na wachunguzi kwa makadirio; nayo ilishindwa Mei 1991. Mashauri ya fotokopi ya Canon, Ricoh, Minolta na wengine yakafuata njia hiyo hiyo Machi 1992.

Majaji hawakukagua kama ushuru ni busara. Walikagua kama taratibu zimefuatwa na kama hakuna kosa la wazi, na katika hesabu za kiuchumi zenye utata waliziachia taasisi za Ulaya uhuru mpana. Ushindi wa kweli wa Japani ulitoka Geneva, na haukuhusu ushuru wa msingi. Mwaka 1987 Ulaya ilikuwa imejipa mamlaka ya kutoza mashine zilizounganishwa ndani ya Ulaya kwenyewe, endapo sehemu kutoka Japani zilizidi asilimia 60 ya thamani ya sehemu zote. Jopo la GATT, mkataba wa biashara uliotangulia Shirika la Biashara Duniani, liliamua kwamba kuitoza bidhaa iliyotengenezwa ndani kwa namna hiyo ni kuibagua, na ripoti yake ikapitishwa Mei 1990. Ushuru wa mpakani ulibaki palepale.

Dhana: Ushuru ukiondoka, bei dukani hushuka kwa kiasi kile kile.

Ushuru wa asilimia 20 hutozwa juu ya bei ya mashine inapofika mpakani, na bei ya dukani ni jambo jingine. Tuchukue mfano wa kubuni: mashine yenye thamani ya 1,000 mpakani na inayouzwa 2,500 baada ya usafiri wa ndani, faida ya msambazaji, gharama za fundi na dhamana. Ushuru wake ni 200, yaani asilimia 8 tu ya bei anayoiona mnunuzi. Ukiondoka wote na kila senti ikamfikia mteja, punguzo ni hilo, na ni nadra kila senti kumfikia. Tena gharama kubwa ya mashine ya fotokopi iko katika wino wake wa unga, ngoma na matengenezo ya miaka inayofuata, mambo ambayo kuondoka kwa ushuru hakuyagusi.

Sababu nyingine ni kwamba kufikia siku ya kukoma, mashine nyingi zilikuwa zimekwisha kuacha njia iliyotozwa. Ushuru huu hufuata nchi ya asili, na haufuati jina lililobandikwa kwenye mashine. Canon ilikuwa ikitengeneza mashine Giessen nchini Ujerumani na Liffré nchini Ufaransa, na Ricoh ilikuwa na kiwanda Telford, Uingereza. Ulaya iliona njia hiyo ikitumika hata kupitia Marekani, ndipo mwaka 1989 ikatoa kanuni ya kuamua ni kazi gani ya kuunganisha isiyotosha kuipa fotokopi uraia mpya. Kila mtu alijua kwamba macho yalikuwa kwenye kiwanda cha Ricoh cha California. Ushuru ambao wengi wamejifunza kuukwepa huondoka bila kishindo.

Kuhusu marejesho, jibu ni fupi. Ushuru unaokwisha kwa muda wake hautazami nyuma, na aliyelipa jana halipwi leo kwa sababu kesho hautatozwa. Ulaya humruhusu mwingizaji kudai marejesho ikiwa atathibitisha kwamba bei ya kutupa kwa mizigo yake mwenyewe ilikuwa imeondoka au kupungua chini ya kiwango alichotozwa, na uthibitisho huo hudai hesabu za ndani za mtengenezaji, ambazo mtengenezaji hana haraka ya kuzitoa. Mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyeagiza mashine hiyo hiyo moja kwa moja kutoka Japani hakuhusika kabisa, kwa kuwa ushuru huo ulitozwa kwenye mipaka ya Ulaya peke yake.

Dhana: Ushuru ukiondolewa, viwanda vya nyumbani ndivyo hufa.

Dhana hii inachukulia kwamba tunajua viwanda vya nyumbani ni vipi. Kati ya walalamikaji wa fotokopi Ulaya zilikuwemo Rank Xerox, Océ, Olivetti na Develop. Rank Xerox ilikuwa na undugu na Fuji Xerox ya Japani. Océ na Olivetti zenyewe zilinunua mashine ndogo kutoka kwa Wajapani ili kujaza orodha zao za bidhaa. Na Develop ya Ujerumani iliishia chini ya Minolta, mmoja wa walioshtakiwa.

Kisa cha taipureta nchini Marekani kinachekesha zaidi, kama si kwa waliopoteza kazi. Mwaka 1980, kwa malalamiko ya Smith Corona, Marekani iliweka ushuru kwa taipureta za umeme za kubebeka kutoka Japani, na mlengwa mkuu akiwa Brother. Brother ilijibu kwa kufungua kiwanda Bartlett, jimbo la Tennessee, mwaka 1987. Smith Corona, wakati huo karibu nusu ya hisa zake zikiwa za kampuni ya Hanson ya Uingereza, ilikuwa ikileta baadhi ya taipureta zake kutoka kiwanda chake cha Singapore. Mwaka 1991 Brother ndiyo iliyokwenda serikalini kulalamika, kama mzalishaji wa Marekani, kwamba taipureta za Smith Corona kutoka Singapore zinauzwa kwa bei ya kutupa. Wizara ya Biashara ilikataa mwanzoni ikisema Brother haina sifa ya kulalamika kwa niaba ya sekta ya Marekani. Mahakama ya biashara ya kimataifa ya nchi hiyo ikaurudisha uamuzi huo wizarani ufikiriwe upya mwaka uliofuata.

Mwaka huo huo wa 1992 Smith Corona ilitangaza kwamba itahamishia Mexico kazi ya kutengeneza taipureta iliyokuwa ikifanyika Cortland, New York, na mamia ya wafanyakazi wakaambiwa nafasi zao zitakwenda. Ushuru haukuwa umewazuia wateja kununua kompyuta na printa, na hizo hazikuwa taipureta kwa tafsiri yoyote ya forodha. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mufilisi Julai 1995, mwaka ule ule ambao sheria mpya ya Marekani ya kuzipitia upya amri za zamani kila baada ya miaka 5 ilianza kutumika.