Kalisinesheni na vitrioli: kinachotoka na kinachobaki

Kalisinesheni ni kukichoma kitu kigumu kwa moto mkali bila kukiyeyusha, mpaka vile viwezavyo kuruka kama mvuke au gesi vitoke na kubaki unga au donge jepesi kuvunjika. Wachoma chokaa wa pwani ya Waswahili wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi: matumbawe hupangwa juu ya kuni, huwashwa, hewa ukaa hutoka, chokaa hubaki. Jiwe la chokaa likiwa safi hupoteza asilimia 44 ya uzito wake.

Kwa wanaalkemia wa vitendo, yaani wachunguzi wa kale wa madini na dawa waliotafuta kugeuza metali kuwa dhahabu, hii ndiyo iliyokuwa njia ya kulifungua jiwe ili vilivyomo vitengane. Na hakuna kilichowalipa vizuri kama vitrioli.

Vitrioli ni chumvi za madini zenye fuwele za kung'aa. Ya buluu ni mrututu, yaani salfeti ya shaba. Ya kijani ni salfeti ya chuma, na karibu asilimia 45 ya uzito wake ni maji. Al-Razi, tabibu wa Rayy huko Uajemi aliyefariki karibu mwaka 925, alizipa chumvi hizi kundi lake la pekee katika mpangilio wake wa madini.

Ukiichoma ya kijani, kwanza maji hutoka na rangi hufifia kuwa nyeupe. Moto ukizidi, hugeuka nyekundu: hiyo ni oksidi ya chuma, iliyotumika kama rangi na kung'arishia vioo. Lakini hapa mali kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye moshi. Moshi huo mzito, wenye kuunguza mapafu, una trioksidi ya salfa. Ukinaswa na kukutanishwa na maji, hupatikana asidi ya salfuriki, ambayo wao waliiita mafuta ya vitrioli. Mji wa Nordhausen, Ujerumani, ulipata jina kwa asidi iliyotengenezwa hivyo.

Vitrioli ikichanganywa na shura (chumvi ya nitrati) kisha ikakenekwa, yaani ikapashwa moto na mvuke wake ukapozwa uwe kimiminika, hutoa asidi ya nitriki. Maandishi ya Kilatini ya karibu mwaka 1300, yaliyopewa jina la Geber (ndivyo Walatini walivyomwita mwanaalkemia Jabir ibn Hayyan), yanaeleza kazi hiyo. Asidi hiyo huyeyusha fedha na kuiacha dhahabu, hivyo wasafishaji wa madini wakaweza kuzitenganisha. Ikiongezwa kloridi ya amonia, hata dhahabu yenyewe huyeyuka.