Sindano nyepesi haitunzi santuri, inaichonga

Wiki hii peke yake wateja watatu wamekuja na ombi lilelile la katriji, kile kidude kinachobeba sindano kwenye mashine ya santuri, "fundi nitafutie katriji ya gramu ndogo, hii yangu inakula santuri". Jamani hapana, naomba hili lieleweke maana linaniuma kuliko yote.

Kila katriji ina uzito wake iliotengenezewa kuikandamiza santuri. Ortofon 2M Red inataka gramu 1.8, Audio-Technica VM95E gramu 2, Denon DL-103 ambayo ipo tangu miaka ya 60 inataka gramu 2.5, sasa mtu anasoma hizo namba tatu anasema ya 1.8 ndo bora, wakati hazikwambii hivyo kabisa, zinakwambia tu kijiti cha sindano cha ipi ni kilaini na cha ipi ni kigumu. Ukiiweka hiyo Denon kwenye gramu 1.5 haishiki mfereji, ikifika penye sauti kubwa inarukaruka inagonga kuta za mfereji, na ile ni almasi inagonga plastiki. Kovu lake halifutiki.

Juzi kaja mama mmoja wa Magomeni na mashine yake na santuri za taarab za marehemu baba yake. Naweka ya kwanza, kila mwimbaji akitamka "s" au "sh" inachanika kama samaki anatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Napima sindano, gramu 0.9! Kijana wake alizungusha uzito wa nyuma ya mkono wa mashine "ili isizikwaruze". Nikapandisha mpaka 2, santuri ambazo hazijapigwa sana zikatulia, ila ile aliyokuwa anaipenda mzee ilikuwa imeshachongwa, haitengenezeki tena. Nikakosa cha kumwambia yule mama.

Kwahiyo nunua mizani, hata ile ndogo ya masonara inayosoma mpaka gramu 0.01, usiziamini namba zilizochorwa kwenye ule uzito wa nyuma. Halafu kaa katikati ya namba za mtengenezaji, ukiwa na wasiwasi panda kidogo, usishuke.

Na wale wa kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono wa mashine santuri ikiruka, toeni leo hii. Kuruka kunatokana na uchafu, sindano iliyokwisha, mkono unaokwama au meza iliyoinama, sarafu inaficha tatizo tu huku inakandamiza mfereji.

Wengine wanasema, "MC ni bora kuliko MM." MM ni katriji ambayo sumaku ndo inacheza, MC ni ambayo koili ndo inacheza. Sio lazima iwe bora. DL-103 ni MC, inatoa milivolti 0.3 tu, wakati MM kama zile mbili za Ortofon na Audio-Technica zinatoa 4 mpaka 5.5, ukiichomeka MC kwenye mlango wa fono wa kawaida, ule wa kuchomeka mashine ya santuri kwenye amplifaya, utasikia kama mtu yuko chumba cha tatu, itabidi ununue kifaa kingine cha kuipandisha. Tena sindano ikiisha, MM nyingi unachomoa unaweka mpya, MC unarudisha katriji nzima. Mi pesa hiyo ningeiweka kwenye umbo la sindano, VM95E ileile ukitoa sindano yake ya duaradufu ukaweka ya maikrolaini, yenye ncha nyembamba zaidi, utadhani umenunua mashine nyingine.

Wengine tena, "Almasi ya sindano haiishi." Inaisha, masaa 500 mpaka 1000, na kwa vumbi letu hapa Dar mi nahesabu 500. Piga brashi kila unapogeuza upande, toka nyuma kuja mbele, kamwe usipige kwa ubavu utavunja kijiti.