Kadi Kuisha Muda Si Ukaazi Kufutika

Wapo wenzetu hapa Dar es Salaam ambao, mke au mume aliyekuja kuuguza mzazi anapogundua kwamba kadi yake ya kijani ya Marekani imeisha muda, huamini kwamba haki yake ya kuishi kule nayo imekwisha, na kwamba hana budi kuombewa upya na mwenzi wake tangu mwanzo. Imani hiyo si sahihi, na inawatenganisha watu bure.

Kinachoisha ni kadi, si ukaazi wenyewe. Marekani haiyatozi faini mashirika ya ndege kwa kumpandisha mkaazi ambaye kadi yake ya miaka 10 imeisha muda, ingawa mfanyakazi wa kaunta pale Uwanja wa Julius Nyerere anaweza asilijue hilo. Ni busara kuliuliza shirika mapema. Kadi ya miaka 2, wanayopewa walioingia kwa ndoa isiyotimiza miaka 2, ni jambo jingine: masharti yake yasipoombewa kuondolewa kwa wakati, ukaazi wenyewe huwa hatarini.

Linalostahili hofu zaidi ni kukaa nje. Aliyepitisha mwaka 1 bila kibali cha kurejea, ambacho huombwa mtu akiwa bado Marekani, hulazimika kuomba viza ya mkaazi anayerejea katika ubalozi ulioko Msasani, akithibitisha kwa nyaraka, mathalani za hospitali, kwamba hakukusudia kuhama na kwamba alicheleweshwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake.