Kupima na kudhibiti mchakato wa ujenzi: hesabu ya ukuta mmoja Kisauni

Mtazame mwashi anapopandisha ukuta wa mawe. Kila baada ya kozi (mistari ya mawe) mbili tatu husimama, akateremsha timazi, akafumba jicho moja, kisha akaligonga jiwe kwa mpini wa nyundo mpaka likarudi kwenye mstari. Hangoji ukuta ufike linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, ndipo aulize kama umenyooka. Hapo amepima na amedhibiti, na hajamaliza hata saa moja ya kazi.

Mchakato ni mwenendo wa kazi yenyewe: mawe yanashushwa wapi, simiti inachanganywa na nani, inapanda juu kwa njia gani, mwashi anaikuta tayari au anaingoja. Utendaji wa mchakato ni namna mwenendo huo unavyokwenda siku kwa siku, kwa kasi gani, kwa gharama gani, kwa ubora gani. Jengo lililokwisha ni tokeo tu. Mtu akikuambia nyumba yake ilichelewa miezi 4 na pesa zikapita makadirio, amekupa habari ya msiba baada ya maziko. Anayepima mchakato huiona homa mapema.

Basi tuchukue ukuta mmoja. Ni mfano wa kubuni, ila hesabu zake atazitambua yeyote aliyewahi kusimamia mjengo huku Pwani. Nyumba ya ghorofa, Kisauni, Mombasa. Kuta za ghorofa ya kwanza ni mita za mraba 400, za mawe ya matumbawe yaletwayo na lori kutoka Kilifi. Mpango ni kujenga mita 20 kwa siku, siku 20. Makadirio ni shilingi 1,200 kwa kila mita, vifaa na ufundi pamoja, yaani shilingi 480,000 kwa kazi nzima.

Siku ya 10 jioni, mwenye nyumba anafungua daftari.

“Fundi, kufikia leo tulipanga tuwe tumetumia 240,000. Naona hapa ni 225,000. Tumeokoa elfu kumi na tano, ama?”

“Alhamdulillahi, mama.”

Hapana. Hawajaokoa kitu, na fundi pengine anajua. Ukienda na futi kamba ukapima ukuta uliosimama, ni mita 150, wala si 200. Mita 150 kwa bei ya makadirio ni kazi ya shilingi 180,000. Kiasi hicho ndicho wataalamu wa miradi wanachokiita thamani iliyochumwa: kazi iliyokwisha kufanyika, ikitiwa bei ya mpango. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwawekea wakandarasi wake masharti ya hesabu ya namna hii mwaka 1967, kwa sababu ile ile iliyomponza mama huyu. Ukilinganisha pesa zilizotoka na pesa zilizopangwa tu, mradi unaozembea unaonekana kama mradi unaobana matumizi.

Ukiwa na tarakimu hizo tatu, mengine ni kugawanya. Thamani iliyochumwa kwa pesa zilizotoka: 180,000 kwa 225,000 ni 0.8. Kila shilingi iliyotoka mfukoni imeleta kazi ya senti 80. Thamani iliyochumwa kwa thamani iliyopangwa: 180,000 kwa 240,000 ni 0.75. Kazi inakwenda robo tatu ya mwendo uliopangwa. Na mambo yakiendelea hivi hivi, ukuta wa 480,000 utamalizika kwa 480,000 kugawanya kwa 0.8, yaani shilingi 600,000. Mama akiijua hii 600,000 leo, siku ya 10, ana nafasi ya kufanya jambo. Akiijua ukuta ukiisha, kilichobaki ni kutafutana lawama.

Lakini 0.8 na 0.75 zinasema tu kwamba pana ugonjwa. Haziutaji. Hapo ndipo wengi hukosea, nami naona ndipo penye utamu wa jambo lote. Tufungue daftari la mnyapara, lenye mita za kila siku:

16, 17, 15, 17, 14, 16, 5, 17, 16, 17.

Muulize yeyote pale mjengoni kwa nini kazi imechelewa, atakutajia siku ya 7. Siku ile lori ya mawe iliharibika njiani, watu wakakaa kivulini mpaka alasiri. Kila mtu anaikumbuka, kila mtu anaisimulia. Sasa hesabu. Upungufu wote ni mita 50. Siku ya lori ilikosa mita 15. Mita 35 zilizobaki zilipotea katika zile siku 9 ambazo kila mtu aliziita siku nzuri! Hakuna hata siku moja iliyofika 20. Hata bila mkasa wa lori, mjengo huu ni wa mita 16 kwa siku, juu kidogo, chini kidogo.

Tofauti hii ina asili yake. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akishughulikia ubora wa bidhaa za viwanda vya simu Marekani, alichora grafu ya kwanza ya kudhibiti mchakato. Wazo lake ni kwamba kila mchakato una mtikisiko wake wa kawaida, kama maji ya bandarini yanavyopanda na kushuka, na mara moja moja huja jambo la kigeni. Mtikisiko wa kawaida ni mali ya mfumo mzima. La kigeni lina sababu yake mahsusi, na huifuata sababu hiyo peke yake. Kwetu hapa, 14 hadi 17 ni kawaida na 5 ni mgeni. Mnyapara anayewafokea waashi kwa sababu jana walijenga 17 na leo 14 anapoteza sauti yake, maana kesho watajenga 16 hata asipofoka, naye atadhani ni ukali wake uliofanya kazi. Na mama akitumia wiki nzima kutafuta lori jingine, atakuwa amemfukuza mgeni akamwacha mwizi wa ndani.

Huyo mwizi wa ndani humwoni ofisini. Itabidi upande jukwaani. Njia moja nyepesi ni kupita bila kutangaza, saa zisizo na mpangilio, na kila unapomwona mwashi kutia alama moja: anajenga, anangoja, au anafanya kitu kingine. Tuseme umepita mara 40 kwa siku mbili, na mara 13 umemkuta mwashi amesimama, mwiko mkononi, akiita “Simiti!” kuelekea chini. Waashi 4 wana watu wa mkono, yaani vibarua wasaidizi, 3, na mmoja kati ya hao watatu ndiye huyo huyo anayechota maji kisimani. Karai inapanda kwa mkono, ngazi ni moja, anayeshuka humpisha anayepanda. Mwashi hana uvivu wowote. Kasi ya ukuta ni kasi ya ile ngazi.

Kuna la mpango pia. Nani alisema 20? Mara nyingi tarakimu kama hiyo hutoka kwenye karatasi ya mtu ambaye hajahesabu Ijumaa, watu wanapokwenda msikitini mchana, wala fundi anayevuka feri kutoka Likoni na kuingia kazini saa mbili na nusu, wala mvua za masika za Aprili na Mei. Kipimo kinaweza kukuonyesha kwamba kilichopinda ni rula. Ukikuta hivyo, sahihisha mpango waziwazi, na usiwakate watu mishahara kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine.

Kuanzia miaka ya 1990 Glenn Ballard na Greg Howell, watafiti wa usimamizi wa ujenzi, walisambaza kipimo kingine, ambacho nakipenda kwa sababu hakihitaji hata kikokotoo: ahadi zilizotimizwa. Jumamosi, kabla ya malipo, kila kiongozi wa kundi anasema wiki ijayo atamaliza nini. Fundi bomba, fundi stima, fundi mbao, mwashi. Jumamosi inayofuata mnahesabu: ahadi 10, zilizotimizwa 6, asilimia 60. Wawili hao walipoanza kuhesabu katika miradi waliyoichunguza, walikuta wastani ni zaidi kidogo tu ya nusu. Siri yake ni kuandika sababu mbele ya kila ahadi iliyovunjika. Baada ya mwezi utaona neno moja linajirudia, na aghalabu neno hilo halimhusu aliyevunja ahadi: “mabomba hayajaletwa”, “ukuta haujaisha”, “mchoro ulibadilishwa”.

Katika ubora, mfano ulio wazi kuliko wote ni zege. Siku ya kumwaga slabu hutengenezwa vipande vya mchemraba vya milimita 150, vikatunzwa majini, vikavunjwa kwa mashine vikiwa na siku 7, vingine vikiwa na siku 28. Jibu la siku 28 ndilo linalotegemewa, lakini likifika, nguzo za ghorofa ya juu huenda zimeshasimama. Kwa hiyo pana kipimo kingine cha dakika tano pale pale mixa inapozunguka: koni ya bati yenye urefu wa milimita 300, inajazwa zege kwa matabaka matatu, kila tabaka linachomwa kwa fimbo mara 25, kisha koni inanyanyuliwa na unapima zege limeporomoka kiasi gani. Likiporomoka zaidi kuliko ilivyoagizwa, mara nyingi mtu ameongeza maji. Na katika joto la Mombasa, saa saba mchana, zege likianza kukaza kwenye toroli, ndoo moja ya maji ni kishawishi kikubwa: kazi inalainika papo hapo, nguvu inapungua kimyakimya. Vipande vya siku 28 vitakuambia kosa lilifanyika. Koni hukuwezesha kulizuia lile zege lisiingie kwenye fomu, yaani ukungu wa kumwagia zege. Ukiwa na uwezo wa kulipia usimamizi wa kimoja tu kati ya hivyo viwili, na mhandisi wako akasirike akipenda, mimi ningemweka mtu mwaminifu kwenye koni. Mhandisi atakudai vyote viwili, naye ana haki.

Tahadhari moja. Kipimo kikishageuka kuwa mshahara, watu hukilisha. Walipe waashi kwa mita na mita zitapanda, pamoja na viungo vinene vya simiti vinavyomeza mifuko na timazi iliyosahauliwa mfukoni. Ndiyo maana kipimo kimoja peke yake ni hatari. Mita za ukuta ziandikwe ukurasa mmoja na mifuko ya saruji iliyotumika, na kozi zilizobomolewa kwa sababu zilipinda.

Tukirudi Kisauni: mama ameongeza watu wa mkono 2, ametoa pesa ya kapi na kamba ili karai zipande bila kupita ngazini, na maji yanajazwa kwenye mapipa jioni. Siku ya 11 daftari linasema 17. Siku ya 12, 19. Siku ya 13, Ijumaa, 16. Siku ya 14, 20. Mnyapara anataka kushangilia ile 20, naye mama, ambaye sasa ameingiwa na ugonjwa wa hesabu, anamwambia asubiri aone siku 6 zaidi kama mtikisiko umehamia juu kweli au ni bahati ya siku moja. Kisha anauliza gharama ya kila mita imekuwa ngapi kwa kuwa sasa analipa vibarua wawili zaidi, na mnyapara anakwenda kutafuta kalamu.