Maziwa hayatoi zebaki mwilini: maswali ya wachenjuaji wa dhahabu

Zebaki inaingiaje mwilini?

Zaidi kwa pumzi. Kwenye mialo (sehemu za kuchenjulia dhahabu) ya Geita, Chunya na kwingineko, mchanga uliosagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, huchanganywa na zebaki ili ikamate dhahabu, kisha donge la zebaki na dhahabu hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Karibu nusu ya uzito wa donge hilo ni zebaki. Ukichoma donge la gramu 10, takriban gramu 5 zinapaa hewani, na mapafu hufyonza karibu asilimia 80 ya mvuke unaouvuta. Mvuke wenyewe hauonekani wala haunuki, kwa hiyo "mbona hatukuona moshi" si hoja.

Nikinywa maziwa baada ya kuchoma, si nakuwa salama?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke ulipita mapafuni, ukaingia kwenye damu, ukafika ubongoni na kwenye figo. Havikutani popote. Kunywa maziwa kwa lishe, ila usiyahesabu kuwa dawa.

Lakini wazee wa mwaloni wanakunywa miaka yote na ni wazima.

Mwombe mmoja wao anyooshe mikono mbele na kupanua vidole, umwekee karatasi juu yake. Karatasi ikitetemeka, muulize habari za usingizi, hasira za ghafla, kusahau, fizi kuvimba na mate kumjaa. Wengi huambiwa ni uzee au wamerogwa, wakazunguka kwa waganga huku bado wanachoma. Zebaki iliyomo mwilini huchukua takriban miezi miwili kupungua kwa nusu, tena endapo mtu ameacha kuivuta. Anayechoma kila wiki anajazia tu. Hata akinywa lita tano za maziwa kwa siku.

Tumechoma ndani ya nyumba usiku, asubuhi mtu anakohoa na ana homa. Tufanye nini?

Nendeni hospitali sasa hivi, yenye oksijeni. Msianze na panadol na dawa za malaria "tuone kwanza". Hapa ndipo watu wanapotuletea mgonjwa hospitalini siku ya pili au ya tatu, midomo imebadilika rangi, na mkononi kuna chupa ya maziwa. Mvuke mwingi kwenye chumba kilichofungwa huunguza mapafu: ndani ya saa chache huja kikohozi, kifua kubana, homa, kutetemeka kwa baridi, ladha ya chuma mdomoni. Inafanana sana na malaria au nimonia.

Mtoeni nje kwenye hewa safi pamoja na wote waliolala humo, watoto kwanza. Mvueni nguo, mzifunge kwenye mfuko wa plastiki. Mkifika, neno la kwanza kwa daktari liwe: "Tumechoma zebaki ndani." Mkificha kwa kuogopa kuulizwa mliipata wapi, atatibu kitu kingine. Kupima mwilini kupo, kwa mkojo, lakini matibabu ya kifua hayasubiri majibu.

Barakoa au kitambaa kibichi kinasaidia?

Kwa vumbi la karasha, kiasi. Kwa mvuke wa zebaki, hakuna kitu.

Tuchomeeje basi?

Tumieni ritoti: chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba la kupoozea mvuke mpaka urudi kuwa zebaki. Moto uwe nje, mbali na nyumba na jiko la chakula, nanyi mkae upande upepo unakotoka. Ncha ya bomba isizame kwenye maji, maana chungu kikianza kupoa hunyonya maji ndani na kinaweza kulipuka. Msifungue mpaka kipoe kabisa; wenye haraka ya kuona dhahabu hufungua kikiwa moto, na mvuke wote unawapiga usoni. Dhahabu hiyo bado ina zebaki kidogo, kwa hiyo anayeiyeyusha dukani naye anahitaji bomba la kutolea hewa nje.

Mama mjamzito au anayenyonyesha?

Asichome, asikande zebaki kwa mikono, asikae karibu na moto huo. Mvuke ukishaingia kwenye damu ya mama huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ubongo wake ndio unajengwa. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, aache zebaki leo. Nguo za mwaloni, za baba pia, zisilale chumba cha mtoto. Zifuliwe peke yake, kwenye beseni lake.