Wanayodhani watu kuhusu riwaya za uchawi wa mjini

Hapa Lamu, riwaya ya fantasia ya mjini, yaani hadithi ya uchawi katika mji wa leo, huhukumiwa kabla haijafunguliwa. Nayajibu yale niyasikiayo sana, kwa kukishika kitabu kimoja nikipendacho: Rivers of London cha Ben Aaronovitch. Kilitoka mwaka 2011 na kuanzisha mfululizo wa Peter Grant, polisi kijana wa London anayefundishwa uchawi na mkubwa wake wa kazi.

Dhana: "Mwanangu, vitabu hivyo vinafundisha uchawi."

Hofu hii naiheshimu. Mzazi anayeuliza mwanawe anasoma nini anafanya wajibu wake. Lakini uchawi wa Peter umebuniwa na mwandishi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitabuni, aliyeuwekea kanuni ni Isaac Newton, na mwanafunzi hufanya mazoezi muda mrefu kabla hajaweza hata kuwasha nuru kiganjani. Ukishafunga kitabu huna la kwenda kujaribu. Peter mwenyewe, alipoona uchawi unasaga chipu za simu zikawa kama mchanga, alianza kuufanyia majaribio ili ajue sababu. Udadisi huo ndio namtakia kijana wetu.

Dhana: Ni hadithi za watoto.

Sivyo. Kitabu kinaanza na maiti iliyokatwa kichwa pale Covent Garden, katikati ya London, na yanayofuata ni mabaya zaidi. Mtoto wa shule ya msingi asipewe.

Dhana: Mizimu ya mjini ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu.

Hii ndiyo inayoniuma. Alfu Lela u Lela imejaa majini wa Baghdad na Cairo, katikati ya masoko na majumba ya watu, na sisi tumeikubali kama yetu. Mtaani Mkomani, hapa Lamu, kuna magofu ambayo tangu utotoni tuliambiwa tusiyapite baada ya magharibi. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na watu bado wanakaa ndani yake, ukuta kwa ukuta na nyumba zilizokwisha hamwa. Fantasia ya mjini imesimama juu ya jambo hilohilo: mji wa leo, na waliotangulia ambao hawajauacha.

Tena kitabu chenyewe kina Waafrika katikati yake. Mama yake Peter ametoka Sierra Leone. Mama Thames, mwenye mamlaka katika mto Thames unaopita London, ni Mnigeria aliyekwenda London kusomea uuguzi. Binti zake ni mito midogo, na mito hiyo ni ya kweli: Fleet na Tyburn ilifunikwa zamani, na hadi leo maji yake yanapita chini ya barabara.

Lililonishika zaidi ni mpaka. Mama Thames anatawala sehemu ya mto inayojaa na kupwa. Kuanzia Teddington kwenda juu, ambako maji ya bahari hayafiki, ni milki ya Baba Thames. Msomaji wa bara huenda akaupita ukurasa huo haraka. Sisi tunaopanga safari ya mashua kwa kutazama maji tunaelewa papo hapo kwa nini bamvua, yaani maji makuu ya bahari, inaweza kuwa mpaka wa dola mbili. Sijui riwaya nyingine ya kigeni iliyonifanya nijione mwenyeji namna hiyo.

Dhana: Hakina kasoro.

Hii ni ya wapenzi wake, nami ni mmoja wao. Peter hutazama maumbile ya wanawake kupita kiasi, mpaka inachosha. Kisa cha mauaji na kisa cha mito vinakwenda sambamba bila kushikana vizuri, na kuelekea mwisho mambo yanaharakishwa. Bado nakiweka juu, kwa sababu mwandishi anaijua London mtaa kwa mtaa na anaipenda waziwazi.

Dhana: Unaweza kuanzia kitabu chochote.

Kila kesi huisha ndani ya kitabu chake, ndiyo, lakini adui mkuu anaingia katika cha pili, Moon Over Soho, na hesabu yake inafungwa katika riwaya ya saba, Lies Sleeping ya mwaka 2018. Ukianzia katikati utamjua adui kabla hujawajua wale anaowaumiza. Anza na cha kwanza.