Kutengeneza titi baada ya kuondolewa kwa kansa: tunayoambiana na ukweli wenyewe

"We pona kansa kwanza, mambo ya titi jipya baadae." Hii inawaponza wengi jamani. Swali la titi linatakiwa liulizwe kabla hujaingia tieta, maana kuna wanaotengenezewa siku hiyohiyo ya kutolewa, na daktari akijua mapema unataka nini anapanga hata mkato wake. Ila waliotolewa miaka mingi nyuma nao bado wanaweza.

Halafu kuna ile ya kwamba titi la kutengeneza linarudisha kansa au linaificha. Halirudishi. Na ikirudi, mara nyingi inajitokeza kwenye ngozi au chini yake tu, ukipapasa unaigusa.

Sasa hii ya kudhani kutengeneza titi ni kuwekewa silikoni tu, yaani kile kifuko cha ndani ya titi, ndo ndefu. Kwanza uliza kama utapigwa mionzi, kwasababu mionzi inakakamaza ngozi na kovu linaweza kuibana silikoni mpaka titi linakuwa gumu na linauma, ndo maana wengi waliopigwa mionzi wanashauriwa nyama ya mwili wao wenyewe, ya mgongoni au ya tumboni. Ile ya tumbo inayoitwa DIEP wanachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu na mishipa yake ya damu, wanaiunga na mishipa ya kifuani wakitumia hadubini, msuli wa tumbo wanauacha. Ni masaa mengi mezani, na kama unavuta sigara utaambiwa uache kwanza, la sivyo nyama inaweza kufa kwa kukosa damu.

Silikoni pia sio ya maisha, inaweza kupasuka kimyakimya. Na mwaka 2019 kampuni ya Allergan waliziondoa sokoni zile zao zenye uso wa kukwaruza, BIOCELL, kisa kansa adimu ya limfu, kwahiyo uliza unawekewa aina gani.

Usitegemee litakuwa kama la zamani, mara nyingi linabaki na ganzi. Chuchu inatengenezwa baadae au inachorwa tatuu, na zingine ukiziona huamini kama ni wino.

Ati asiyetengeneza hajakamilika? Nani kasema! Wengi wanabaki na kifua flati na maisha yanaenda. Ukitaka umbo kwenye nguo kuna matiti ya kuvaa ndani ya sidiria, Kenya kuna hadi wanawake waliopona wanaofuma ya uzi, mepesi na yanafulika, maana yale ya silikoni kwa joto la Dar au Mombasa ni jasho tupu.